Sweta la mjukuu wangu nimelikuta kwa mtoto mwingine. Pasaka hii niende Goma?

Mama Mshauri,

Nakusalimu kwa heshima. Kwa umri huenda wewe ni mtoto wangu, lakini shida haina umri. Binti wa jirani ndiye ananishikia kalamu. Kufuma bado nafuma, kwa sababu vidole vinajua njia. Kuandika, macho yamekataa.

Mimi ni mjane wa miaka 68, naishi Bukavu, huku Kadutu juu mlimani. Nina mtoto mmoja wa kiume. Yuko Goma na mke wake na mabinti zao watatu. Majina sitayataja: mkubwa ana miaka 13, wa kati 10, kitinda mimba 8. Tangu mkubwa azaliwe napanda mashua ya usiku kwenda kuwaona, Pasaka, likizo kubwa, na Noeli mpaka Bonane, yaani Mwaka Mpya. Na sijawahi kuingia nyumba ile mikono mitupu.

Nilifundishwa kufuma na kushona na masista nikiwa msichana. Uzi mpya ni ghali, kwa hiyo naenda sokoni Kadutu, kwenye mitumba, natafuta sweta la mtu mzima lililotoboka viwiko lakini uzi wake bado mzima. Nalifumua nyumbani. Uzi ukitoka hapo umejikunjakunja kama nywele zilizotolewa msuko, basi naufunga mafungu, nauosha, nautundika kwenye kamba na kuufungia chupa ya maji kwa chini iuvute mpaka unyooke. Ndipo naanza. Sweta la mtoto linanichukua jioni za wiki tatu.

Vipimo vyangu ni kamba. Mwaka 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei, na siku chache baadaye watu wa Goma wakaambiwa wahame, mwanangu alileta familia yote kwangu. Walikaa karibu mwezi. Siku hizo nilichukua kamba nikawapima mmoja mmoja, kutoka begani hadi kiunoni, nikafunga fundo kwa kila mtoto. Mafundo matatu. Tangu hapo, kila nikienda nayafungua na kuyafunga mbele kidogo, nao wanapiga kelele kila mmoja akitaka kuona fundo lake limetembea kiasi gani. Kamba hiyo bado iko kwenye kikapu changu.

Mara ya mwisho kuwapima ilikuwa Agosti 2024. Noeli ya mwaka ule niliumwa. Januari 2025 vita vikafika Goma, Februari vikafika kwetu Bukavu, na karibu mwaka mzima sikuthubutu kusafiri. Nilikaa nikifuma tu. Noeli iliyopita ndipo nilikwenda, nikiwa na masweta matatu: la buluu la mkubwa, la njano la wa kati, na jekundu la kitinda mimba, lenye maua meupe kifuani. Uzi ule mwekundu sikuununua. Ulitoka kwenye sweta la marehemu mume wangu, nililolitunza miaka tisa kwenye sanduku. Limebaki donge moja tu.

Kitinda mimba alilivaa kwenda misa ya Noeli. Tuliporudi akalivua mara moja akisema anasikia joto. Siku ya nne, asubuhi, nilitoka nje nikamkuta msichana mwingine anatoka kuchota maji, ameshika kibidoni, amevaa sweta jekundu. Huyo ni mtoto wa marehemu dada wa mkwe wangu, ana miaka 7. Mama yake alifariki mwaka 2024 na mkwe wangu akamchukua. Si mjukuu wangu, lakini nikigawa zawadi siwezi kumwacha anaangalia tu, kwa hiyo humnunulia pakiti ya biskuti. Alinisalimia, “Jambo, koko,” yaani nyanya, akapita. Nilishika ukuta.

Si hilo tu. Jioni ile nikitafuta blanketi nilivuta begi chini ya kitanda cha watoto. Ndani nikakuta vitu vyangu: magauni ya kitenge, wanasesere wa matambara, kofia, hata yale masweta madogo ya mwaka wa volkano. Yote yamekunjwa na kufungiwa gizani. Na mkubwa nilimsikia kwa masikio yangu. Rafiki yake alimuuliza sweta la buluu kanunua wapi, akajibu, “Ah, hayo ni mambo ya koko,” wakacheka. Mama yao mdogo yuko Ubelgiji, hutuma maboksi ya nguo za dukani. Nitashindana naye kwa nini?

Sikusema neno. Nilisingizia mgongo, nikarudi Bukavu kabla ya Bonane. Hata jibini la Masisi na sambaza kavu, wale samaki wadogo wa ziwani, walizokuwa wananifungia siku zote nikiondoka, safari hii sikupewa. Mwanangu akipiga simu namwambia mgongo bado. Wiki iliyopita alipiga mkwe mwenyewe. Alisema wananingoja Pasaka, kisha akaongeza: “Lakini mama, safari hii usijisumbue kuleta vitu.”

Nimwambie mwanangu? Nibaki kwangu? Au niende na kunyamaza kama mgeni? Mikono yangu haijazoea kukaa bure, lakini tangu simu ile sijagusa sindano.

Koko wa Kadutu, Bukavu


MAJIBU

Mama yangu wa Kadutu,

Asante kwa barua, na unishukurie huyo binti aliyekuandikia, maana nimesikia sauti yako na si yake. Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilifika pale penye sweta la marehemu baba nikaiweka chini. Ulikuwa na kitu kimoja kilichobaki na umbo la mume wako, mabega yake, mikono yake. Ukakifumua safu kwa safu ili kimvike mtoto wa mwanawe. Siku nne baadaye kikapita mbele yako mwilini mwa mtoto mwingine, na kibidoni mkononi. Mtu akikuambia umekasirikia nguo tu, hajakusikia. Mimi sitakuomba ulimeze jambo hili.

Unaniuliza kama uende Goma Pasaka. Nadhani unauliza pia jambo lingine ambalo binti hakuliandika: kama kazi ya mikono yangu haitakiwi, mimi mwenyewe natakiwa kwa lipi? Hilo ndilo limekutoa kule kabla ya Bonane, na ndilo limeweka sindano chini. Basi tulitazame polepole, kwa sababu katika barua yako mna mambo uliyoyaona kwa macho, na mna mambo uliyoyamalizia mwenyewe usiku ule mashuani, ukiwa peke yako na maumivu yako.

Nianze na uzi mwekundu. Katika barua yote sikuona mahali ulipomwambia mtu yeyote Goma kwamba uzi ule ulikuwa wa baba. Labda ulisema na hukuandika. Lakini kama hukusema, basi kwao lilikuwa sweta jekundu zuri lenye maua meupe, kama masweta mengine ya koko. Mkwe wako hakujua anachokigawa. Hata mwanao, aliyemwona baba yake akilivaa, huenda hakulitambua likiwa dogo vile. Najua ulinyamaza kwa sababu ulitaka zawadi iseme yenyewe. Wazee wetu wengi wako hivyo, wanatoa kitu kikubwa kwa mkono mmoja kana kwamba ni kidogo. Ila uzi ukishafumuliwa ukaoshwa na kunyooshwa kwa chupa, unasahau ulikotoka. Anayejua ni wewe peke yako.

Sasa nivumilie nirudi kwenye kamba, kwa sababu hiyo ndiyo imenishika zaidi. Ulifunga mafundo Agosti 2024. Masweta yalifika Desemba 2025. Hapo katikati ni miezi kumi na sita. Mtoto wa miaka saba au minane hurefuka sentimita tano au sita kwa mwaka, na msichana anayeanza kupevuka anaweza kuzidi hapo. Kifua nacho hakingoji. Kitinda mimba alivaa sweta kwenda misa, akalivua mara tu mlipofika nyumbani, akasema anasikia joto. Mama, ulimtazama kwapani? Ulitazama kama mikono ya sweta ilifika kwenye vifundo vya mikono yake? Mtoto wa umri ule anaona aibu kumwambia nyanya yake, aliyevuka ziwa kwa ajili yake, kwamba sweta linambana. Atasema joto. Na sweta lililombana wa miaka 8 linaweza kumkaa sawasawa wa miaka 7. Sina hakika kuwa ndivyo ilivyokuwa. Lakini wewe pia huna hakika kuwa alilitupa.

Kuna na mambo ya nyumba ambayo mgeni wa siku chache hayaoni, hata akiwa mama mkwe. Goma ziwa liko pale pale, lakini maji ya kufulia katika nyumba nyingi ni ya bidoni, lita 20 kwa lita 20, na mtu amebeba au amelipa. Sweta la sufu linakunywa maji, halitaki kukamuliwa kwa nguvu, halikauki upesi, na vumbi jeusi la mawe ya volkano linaingia ndani ya uzi. Shuleni nako watoto wanavaa buluu na nyeupe. Sweta la njano, hata lifumwe vizuri namna gani, mara nyingi linangoja Jumapili, na mtoto anarefuka huku linangoja. Mkwe wako labda hajui jinsi ya kukuambia haya bila kuonekana hana shukrani.

Na lile begi. Umeandika kwamba vitu vilikunjwa. Umeandika kwamba yalikuwemo hata masweta madogo ya mwaka wa volkano. Mama, nani anakunja kitu asichokitaka? Kitinda mimba alikuwa na miaka mitatu hivi wakati ule. Sweta lake la 2021 lingeweza kugeuzwa kitambaa cha kupangusia meza zamani, au kupewa jirani aliyejifungua. Begi hilo limepita Januari 2025, siku ambazo watu wa Goma walilala sakafuni wakisikia risasi na kila mmoja alikuwa akifikiri abebe nini kama atakimbia. Bado liko chini ya kitanda cha watoto. Uliona gizani kama mahali pa kufichia. Huenda kwa mkwe wako ni mahali pa kutunzia, kama sanduku lako lilivyolitunza sweta la baba miaka tisa. Hata lako lilikuwa gizani.

Kuhusu mkubwa sitasema mengi. Ana miaka 13, na mbele ya rafiki. Mimi katika umri huo nyanya yangu alinishonea mfuko wa shule kwa gunia la sukari, akautia na vifungo. Nilikuwa nauficha kwenye majani nikikaribia shule, nauchukua nikirudi. Nilimpenda nyanya yangu kuliko mtu yeyote. Lakini angalia: rafiki alimuuliza kuhusu sweta la buluu, maana yake alikuwa amelivaa au ameliweka panapoonekana. Na aliposema “mambo ya koko” hakusema uongo kwamba limetoka Ubelgiji.

Maboksi ya Ubelgiji tuyaache. Yule mama mdogo yuko mbali na anatuma anachoweza. Hakuna mashindano hapo isipokuwa wewe uyaanzishe.

Sasa nafika mahali ambapo naomba ruhusa yako kama mtoto anavyoomba kwa mama yake. Ni yule msichana wa kibidoni. Ulipoeleza familia, ulihesabu watatu. Yeye amekuja katikati ya barua, akiwa amevaa kosa. Amefiwa na mama mwaka 2024, akaletwa nyumba yenye wasichana watatu ambao tayari wana vitanda vyao, mahali pao mezani na mafundo yao kwenye kamba. Noeli, nyanya akafungua mfuko: la buluu, la njano, jekundu, kisha pakiti ya biskuti. Najua ulinunua biskuti kwa moyo safi, na umesema mwenyewe hukutaka abaki anaangalia. Lakini hebu kaa mahali pa mkwe wako dakika moja. Yule ni mtoto wa dada yake aliyemzika. Anamlea kwa mshahara wa mwanao, na kila siku anapima maneno yake ili mume wake asione kwamba ameongezewa mzigo. Halafu anamwona mama mkwe akitenganisha watoto, wa sweta na wa biskuti. Angekuambia nini? Kwa adabu tulizolelewa nazo, mke hamwambii mama mkwe jambo kama hilo. Huenda jibu lake lilikuwa kumvika mtoto lile sweta lililombana binti yake. Na huenda “usijisumbue kuleta vitu” ni neno lile lile kwa njia nyingine: mama, usilete vitatu.

Au si hivyo kabisa. Neno lile lina milango mingi. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, watu wa Goma wakiwa wamesimama ufukoni wanaona kwa macho. Tangu siku ile wengi wakimwambia mzee wao asibebe mzigo wanamaanisha njoo mwepesi, njoo mzima. Pia kuna jambo la kikapu. Kwetu kikapu cha mgeni hakirudi kitupu. Wewe umehesabu jibini la Masisi na sambaza ambazo hukupewa, ukaziweka pamoja na dharau. Mimi nimejiuliza mwanao anapata mshahara wake wapi, maana benki za Goma zilifunga milango Januari 2025 na watu wengi wamekuwa wakivuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, kutafuta pesa zao wenyewe. Mwanamke ambaye hana cha kuweka kwenye kikapu chako anaweza kukuomba usilete kilichojaa. Ni aibu ya aina hiyo. Na kumbuka nani aliyepiga simu ile. Hakumtuma mume wake.

Ufanye nini, basi? Ukibaki nyumbani, utakuwa umelinda moyo wako, na una haki hiyo. Hatari ni kwamba watoto watajua kitu kimoja tu, kwamba mgongo wa koko unauma. Mgongo huo utauma Julai pia, kisha Noeli, na kitinda mimba atafika miaka kumi bila fundo lake kutembea mbele ya macho yake. Mwanao naye hatajua hata ni kosa gani aombe msamaha.

Ukimwambia mwanao, atakusikiliza, ni mwanao. Lakini ataingia chumbani usiku akiwa na neno la mama yake mdomoni, na mke wake atajibu akiwa na mtoto wa marehemu dada yake moyoni. Siku hiyo yule msichana anaweza kuvuliwa sweta. Fikiria kama unataka kulirudisha kwa njia hiyo.

Kuzungumza na mkwe mwenyewe ni njia ndefu zaidi, na inaweza kuuma pande zote mbili. Ukiichagua, usiianze siku ya kufika, wala mbele ya watoto. Ngoja mkiwa wawili, mikono ikiwa na kazi, mnachagua maharage au mnasafisha sambaza, kwa sababu mikono ikifanya kazi macho hayalazimiki kukutana. Na usianze na begi. Ungeweza kusema tu: “Mwanangu, lile sweta jekundu lilitoka kwa baba yenu. Sikuwaambia.” Kisha unyamaze. Atakachosema baada ya hapo kitakufundisha kuliko barua yangu yote. Huenda kitakuwa machozi. Huenda ataingia ndani alilete, akuwekee magotini, na hapo itabidi ujue kama unalichukua. Jambo hilo lifikirie kabla ya kupanda mashua, maana msichana wa miaka saba anaweza kuwa amesimama mlangoni.

Kuna wanaokwenda mikono mitupu kama walivyoombwa. Ni heshima pia kutii ombi la mwenye nyumba. Lakini kwa mtu kama wewe naogopa kidogo. Siku tatu bila uzi na utaanza kuhesabu makosa ya nyumba. Njia nyingine ni kwenda na sindano na donge, bila zawadi iliyokamilika. Ukae barazani uulize: nani anataka nini, rangi gani, shuleni wanaruhusu nini? Pengine wa kati atataka soksi. Pengine mkubwa atataka kitambaa cha kichwa na si sweta, au atataka umfundishe kushika sindano, au hatataka kitu, naye atakuwa amekuambia mwenyewe. Hatari yake ni kwamba utasikia ukweli wa watoto, ambao haujafungwa kwenye karatasi. Wewe uliyezoea kufika na jibu mkononi utakuwa umefika na swali.

Na kama utawapima, utajikuta umeshika kamba na wasichana wanne wamepanga mstari. Sitakuambia ufanye nini wakati huo. Unaweza kuona kwamba damu ni damu, na kwamba kumpa yule mtoto fundo ni kumwahidi kitu ambacho miaka yako 68 haiwezi kukibeba kila Noeli: masweta manne, jioni za wiki kumi na mbili. Hiyo ni hoja ya kweli, na mwili wako unaujua mwenyewe. Ninachoweza kusema ni kwamba yeye tayari anakuita koko. Na uliposhika ukuta asubuhi ile, yeye ndiye aliyekuwa amevaa uzi wa mume wako akienda kuchota maji ya nyumba ya mwanao. Kama ningekuwa marehemu baba, sijui ningeona vibaya.

Donge lililobaki usilimalize haraka. Na leo jioni, hata kama hutakwenda popote, chukua sindano ufume chochote, safu mbili tatu, kwa ajili ya vidole vyako tu.

Ukiamua kwenda, niandikie mashua ikikurudisha. Huyu binti wa jirani anajua njia. Utakapowataja tena kwa kuficha majina, uniambie umewaitaje: mkubwa, wa kati, kitinda mimba, na yule wa miaka 7.

Mama Mshauri